Utete Uangalie Mbinguni

Nyakabanda,
Kigali.
Jumanne, 14 Oktoba 2025

Mpendwa kaka Norman,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe? Wifi hajambo? Mtoto ameshaota meno? Natumaini baridi ya Ottawa haijakupasua midomo, maana midomo yako ndiyo iliyonikalisha chini leo kuandika. Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua, ila kanisani anapanda kwa miguu yake na hataki kushikwa mkono. Mvua zimeanza na njia ya kushukia Kimisagara ni utelezi mtupu. Habari njema zimeishia hapo.

Ningeweza kukupigia simu. Nimekataa makusudi, kwa sababu kwenye simu unacheka, na ukicheka mimi nasahau kilichonikasirisha. Safari hii sitaki kusahau.

Wikendi ya mwanzoni mwa mwezi nilihudhuria warsha ya klarineti pale chuo kikuu. Sikukuambia mapema kwa sababu nilitaka kukushangaza. Mwalimu wao, Silvère, alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kuingia darasa lake la miaka miwili, asome muziki kweli kweli na atoke akiwa mwalimu. Nafasi ilikuwa moja tu. Unajua nimepinda suruali za watu Kimisagara tangu nimalize shule, na unajua ni kitu gani kinachonitoa kitandani asubuhi, na si cherehani. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, kaka. Naisema wazi ili uelewe yanayofuata.

Jumamosi asubuhi nilikuta vijana wa Nyarutarama wanateremshwa na madereva. Mmoja anaitwa Connie, msichana mwembamba mwenye klarineti mpya ambayo bado inanukia harufu ya dukani. Mimi nilikuwa na ile ya kanisa, ndani ya mfuko wa kitenge nilioushona mwenyewe. Sikuogopa hata kidogo. Nilijisemea, hawa wana masanduku mazuri, mimi nina mapafu.

Nilipoitwa mbele nilipiga ule wimbo wetu wa kuingilia siku ya Pasaka. Ukumbi ukanyamaza. Mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani wameguswa. Silvère, ambaye alikulia Bujumbura na Kiswahili chake ni cha huko, akasogea, akainama, akanichungulia chini ya kidevu kama daktari wa meno.

“Mais dada, hii kitu mbona umeipindua? Nani alikufunza?”

Unajua alichokuwa anakitazama, lakini nitakiandika kirefu usije ukasema hukunielewa. Utete, ile ngozi nyembamba ya mwanzi inayotetemeka tukipuliza, sisi tunaufunga juu ya kipulizio. Baba Mkubwa Kamanzi aliufunga hivyo alipojifunza kwenye bendi ya kanisa kule Karagwe, akakufundisha wewe mwanawe, nawe ukanifundisha mimi: utete uangalie mbinguni, sifa zipande kwa Mungu. Mdomo wa juu unaufunika, meno ya chini yanashika. Katika bendi yetu hakuna aliyewahi kuliuliza jambo hilo, kama vile hakuna anayeuliza kwa nini tunavua kofia kanisani. Miaka tisa nimepiga hivyo.

Kumbe dunia nzima utete unakaa chini, pale ulimi unapoufikia. Kwa kufunga kwetu ulimi haufiki, ndiyo maana tunakata sauti kwa koo. Kwenye nyimbo za polepole hakuna anayejua. Lakini Silvère alitaka sauti za haraka, moja moja. Za Connie zilidondoka safi, kama maharage yanayomiminwa kwenye sufuria. Zangu zilikuwa kikohozi. Kijana mmoja wa nyuma alicheka, na sikumlaumu.

Nikakigeuza kipulizio palepale. Nilijaribu mchana kutwa, nikatoa sauti za bata. Jumapili mdomo wa chini ulikuwa umevimba hata chai ikanishinda. Silvère hakunidharau, lazima niseme. Alinieleza kwamba zamani hata Ulaya wengi walipiga kama sisi na si dhambi, lakini mdomo uliozoea miaka tisa haugeuzwi kwa siku mbili, na yeye alitakiwa kuchagua jioni ileile. Akamchagua Connie. Sina ugomvi na Connie. Alinipa mafuta yake ya kupaka midomo na akaniachia kichupa.

Ugomvi wangu ni na wewe.

Nilipokuwa nafunga mfuko wangu, Silvère alinifuata, akiwa na masikitiko yake.

“Nyinyi ba kanisa ile ya Nyakabanda, muko wangapi? Warsha ya kwanza alikuja kijana murefu, Norman, naye aliweka utete juu. Nilimugeuza. Alikuwa anakuja hapa kila Jumamosi mpaka alipata visa. Hakubaambia?”

Warsha ya kwanza, kaka! Nilihesabu nikiwa nimesimama palepale mlangoni. Ni ile wikendi uliyosema unakwenda harusini Huye. Shati lako nilipiga pasi mimi. Ulirudi midomo imevimba, ukasema ni nyuki, na Mama akakupaka chumvi na kukuonea huruma. Baada ya hapo ulinifundisha mwaka mzima zaidi, kila Alhamisi. Ulinirekebisha viwiko, ukanirekebisha pumzi, ukanigombeza kwa kukunja mgongo. Utete ukauacha juu. Hata video uliyotutumia Krismasi, ukipiga na Wazungu wako, niliona kipulizio kimekaa vingine, nikadhani ni simu yako imeharibu picha. Ndivyo nilivyokuamini.

Nikiwa njiani kurudi nilikutafutia sababu. Nilisema labda ulinionea wivu. Kisha nikasema hapana, Norman aliogopa kumwaibisha baba yake, mzee aliyejenga bendi kwa mikono yake. Hiyo ningeisamehe. Nilikuwa nimeanza hata kuisamehe.

Jumatano nilikwenda kumjulia hali Baba Mkubwa. Niliapa sitamwambia neno. Lakini aliiona midomo yangu, akaniuliza, na mimi kumdanganya yule mzee siwezi. Nilimweleza taratibu, nikiogopa moyo wake. Hakushtuka. Aliendelea kukoroga uji.

“Ariko, lakini Gwiza, hiyo Norman aliniambia kitambo. Tulikaa hapa hapa. Tukasema wewe iko mtoto ya kike, utaolewa, klarineti utaacha tu. Ya nini kukusumbua?”

Kwa upole kabisa, kama mtu anayekueleza kwa nini hakukununulia koti wakati wa jua. Kisha akanikaribisha uji.

Basi mlikaa, wewe na baba yako, mkapanga maisha yangu na kuyamaliza, halafu Alhamisi ukaja kunifundisha. Nina hasira nawe, Norman, hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu wa damu yangu. Mzee ni wa zamani zake, naye hajawahi kujifanya mwingine. Wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia mbele ya watu kwamba mimi ndiye mkono wa kulia wa bendi. Wewe ndiye uliyesema nitafika mbali. Ulikuwa unamwambia nani?

Sijaolewa. Siku nikiolewa nitapiga klarineti kwenye harusi yangu mwenyewe, na asiyependa akae nje na viatu vya wageni.

Sasa nakwambia nilichofanya, kwa kuwa mimi huwa nawaambia watu. Utete nimeugeuza. Kila asubuhi kabla ya kufungua cherehani napiga sauti moja ndefu, na jirani anagonga ukuta, nami naendelea. Silvère amesema nirudi kujaribu mwakani, bila ahadi. Alhamisi iliyopita nilimgeuza pia Raïssa, yule binti uliyeniachia nimfundishe ulipoondoka. Alilia, kwa sababu Pasaka alitarajia kupiga peke yake na sasa hataweza. Nilimwambia kila kitu, na kwamba nilimfundisha vibaya bila kujua. Haikuchukua hata muda wa chai kupoa. Akaniuliza kama kaka Norman alijua. Nikasema alijua.

Zile tete mpya ulizoahidi kumpa Viateur wa bendi aniletee, akija huko kwenu Desemba, usimpe. Mimi nitatafuta zangu. Wala usiandike tena popote kwamba mimi ni mwanafunzi wako.

Kitu kimoja tu nakitaka kwako, nacho uniandikie, usipige simu. Mwaka ule wote, baada ya kujua, ulikuwa unanishika kidevu, unakiinua kidogo, unasema, “Vizuri, Gwiza, hivyo hivyo.” Niambie ulikuwa unafikiria nini mkono wako ukiwa pale.

Mama anakusalimu sana, hajui bado, na sitamficha akiniuliza. Baba Mkubwa anakusalimu, anasema umtumie soksi nzito. Viateur na wanabendi wote wanakusalimu, isipokuwa Raïssa, ambaye amesema niache nafasi ya jina lake wazi. Msalimie wifi, umbusu mtoto, na kwa kuwa ni wa kike, mwangalie vizuri.

Mungu akulinde kwenye barabara zenu za barafu, akubariki kazini, akupe na usingizi mnono, ila baada ya kunijibu, si kabla.

Ni mimi dada yako, wa damu, hilo halina namna,

Gwiza