Ufa Nyuma ya Jiko

Mwanangu Wening,

Huku Karangsemi hatujambo, na mpunga umeanza kuinama. Juzi alikuja karani kuandika habari za kijiji: kaya sitini, msikiti mmoja. Alipouliza kama mlima unaporomoka, baba yako akadakia, "Thubutu! Andika hakuna."

Mwanangu, mlima umepasuka nyuma ya jiko letu. Mwezi jana ufa uliingia kidole, sasa unaingia mkono. Mvua ikinyesha nashinda na viatu miguuni, naye baba yako hunicheka: "Mama Wening, safari ya wapi?"

Leo asubuhi nimemkuta anafukua chungu alichozikia kondo lako la nyuma siku uliyozaliwa. Amekifunga kwenye kitambaa, hanitazami.

"Vaa viatu," akasema.

Naandika nikiwa nimevaa.

Mama yako,
Sukinem