Mkono wa Klachi

Jumatatu, 3 Machi

Klachi imenitoa jasho tena. Kwenye kona ya soko nimeshindwa kuivuta, pikipiki ikaruka, kreti la mikate chini! Watu wakacheka. Bosi wa tanuri hakucheka — kasema mikate ikimwagika tena atatafuta dereva mwingine.

Nikaenda kwa Fundi Mluzi. Kaivuta mara mbili huku akipiga mluzi wake, kasema klachi haina neno, niende zangu. Haina neno! Yeye kaivuta amesimama kivulini, mimi naivuta kutwa nzima. Fundi gani huyu? Nitaifungua mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Kufungua ni raha. Oili nimemwaga, kava nimetoa, springi na pleti zote zimelala sebuleni juu ya gazeti. Mke wangu kauliza leo tunakula juu ya klachi au chini yake. Pleti hazijaisha hata kidogo. Springi nimebadilisha hivyohivyo — huenda za zamani ndizo kaidi.

Kurudisha sasa! Kupanga pleti si kazi: ya msuguano, ya chuma, ya msuguano, ya chuma. Springi ndizo zimenitesa. Unakandamiza kwa mkono wa kushoto, unakaza boliti kwa wa kulia. Wa kushoto unateleza. Oili tu hii. Nimenawa kwa sabuni ya unga. Bado unateleza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefunga. Nikavuta klachi — laini kama pamba! Nikapiga kelele za ushindi peke yangu uani.

Mke wangu akatoka na kijiti cha chuma mkononi. Kakikuta ndani ya beseni, anauliza kama nina kazi nacho. Jamani! Hicho ndicho kinachozisukuma pleti. Nilikuwa navuta hewa.

Bomoa tena. Gasketi, karatasi ya kuzuia oili isivuje kwenye kava, ikachanika. Nikamfokea, kana kwamba yeye ndiye aliyekisahau. Kachukua boksi la viatu na mkasi wake wa ushonaji, kanikatia gasketi nyingine, kaiweka mezani, karudi kwenye cherehani yake. Bora angenitukana.

Jumamosi, 8 Machi

Kila kitu mahali pake. Kijiti kimo. Oili imejaa. Injini imewaka mara moja. Nikavuta klachi —

Nzito! Nzito kuliko Jumatatu! Nikatupa spana ukutani, plasta ikabanduka.

Mke wangu akaja, akaivuta kwa vidole viwili.

"Mbona laini hii?"

"Hujaifikisha mwisho."

Akaifikisha mwisho, akaishikilia, huku ananitazama. Kisha akaiachia, akazima injini.

"Nipe mkono. Huo wa kushoto. Nibane vidole."

"Nimebana."

"Bana, mume wangu."

"Si nimebana!"

Akauliza hali hii ilianza lini. Nikasema ni ganzi tu, nimeulalia mkono. Akasema, mwezi mzima umeulalia? Kumbe alikuwa ananiona. Macho yake yakalowa, na mimi, badala ya kumshika, nikakasirika zaidi.

Jioni nimeifungua upya. Sikumwambia kwa nini. Nimekagua pleti moja moja, nimeangalia kila springi, waya, kijiti. Natafuta kosa langu. Sijawahi kutamani kiasi hiki niwe nimekosea.

Jumatatu, 10 Machi

Hakuna kosa. Imefungwa inavyotakiwa.

Bosi nimemtumia ujumbe kwamba pikipiki bado mbovu. Kajibu: mpaka Jumatano tu.

Leo hospitali. Mke wangu ndiye dereva, mimi abiria! Mimi niliyemfundisha kuiendesha kabla hatujaoana, nikimkimbilia pembeni na kumpigia kelele, vuta klachi, vuta klachi. Nilisema twende kwa miguu. Kasema ni mbali, na kwamba pikipiki haina ubaya wowote. Alipotamka hivyo akajuta, nilimwona.

Namsikia huko nje anazunguka uwanja. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Hakuna kukwaruza, hakuna kuruka. Kazi safi — yangu hiyo.

Nilikaa kitandani nivae shati, nikachoka, nikachukua kalamu. Sasa ananipigia honi. Vifungo viwili bado. Sitaki kumwita.