Maelezo ya Sekela Kibona Kuhusu Simu Aliyomnunulia Mama Yake

KITUO CHA POLISI ITUMBA, WILAYA YA ILEJE
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Sekela Anyitike Kibona
Umri: Miaka 41
Kabila: Mndali
Dini: Mkristo
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Mtaa wa Sogea, Tunduma
Tarehe: 13/03/2025, saa nne asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ninashona nguo Tunduma, kwenye baraza ya duka lililo kando ya barabara ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Nyumbani kwetu ni Ibaba. Baba alishafariki. Mama yangu, Fausta Msongole, anaishi huko peke yake na analima viazi na mahindi. Jirani yake wa karibu ni Efraimu Kibona, mtoto wa marehemu baba yangu mkubwa. Efraimu alifiwa na mama yake bado ananyonya, na mama yangu ndiye aliyemlea. Tumekula sahani moja. Namwita kaka.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana mama aliteleza shambani akateguka mguu. Alilala kwenye matope tangu asubuhi, akiita, mpaka jioni alipopita mtu anayerudisha mbuzi. Niliposikia hivyo nikasema lazima awe na simu. Mama alikataa. Alisema, "Nitampigia nani? Wote ninaowajua wako hapahapa." Nikamwambia si ya kupiga soga, ni ya siku ya shida tu.

Nilikwenda kwenye duka la simu pale Tunduma. Muuzaji alinionyesha simu za kupapasa, nikazikataa. Mama hajui kusoma, na vidole vyake vimekakamaa kwa jembe. Nikaomba kitochi chenye vitufe vikubwa, tochi, na betri ya kukaa muda mrefu, kwa kuwa mama hana umeme. Nikamwambia pia iwe na sauti kubwa, maana mama hasikii vizuri. Alinijaribishia moja ambayo ukiongea nayo hata mtu wa pembeni anasikia. Nikaichukua hiyo. Aliponiuliza mama anakaa wapi nikasema Ibaba, akasema, "Dada, huko simu inaweza kudaka mtandao wa Malawi, vocha ikaisha bila kuongea." Akaifunga kwenye mtandao wa hapa nchini. Laini ilisajiliwa kwa jina langu kwa sababu hapo awali mashine ya wakala ilikataa alama za vidole vya mama. Niliweka salio, na namba yangu nikaiweka kwenye kitufe cha mbili. Nilimfundisha mama hivi: "Kitufe cha juu, katikati. Kibonyeze usikiachie." Aliivaa shingoni kwa kamba, ndani ya sweta. Kila Jumapili alinipigia mara moja ili laini isifungwe.

Mwanzoni mwa mwezi wa pili mwaka huu mtoto wa Efraimu alifariki kwa homa. Alikuwa na miaka miwili. Nilikwenda msibani, na mama ndiye aliyemwosha mtoto. Baada ya matanga Efraimu alikwenda kwa mganga, sikuambiwa ni wapi. Jumapili iliyofuata mama alinipigia akasema, "Efraimu haniamkii siku hizi. Ananipita kama hanioni." Nikaelewa mara moja, kwa sababu kwetu mwanamke mzee anayeishi peke yake akianza kupitwa hivyo, watu wameshamaliza kumsema kuwa ni mchawi. Nikamsihi aje Tunduma. Akasema nisubiri avune viazi.

Mnamo tarehe 11/03/2025, siku ya Jumanne, majira ya saa kumi alasiri, nilikuwa kazini na mafundi wenzangu, mmoja wao Leah. Simu yangu iliita, ikaandika Mama. Haikuwa Jumapili. Nilipokea nikasema "Mama," hakujibu. Nikasikia nguo inakwaruza, kisha nikasikia sauti yake kwa mbali kidogo, lakini alikuwa anaongea kwa nguvu kama mtu anayemwambia kiziwi. Alisema, "Efraimu mwanangu, panga la nini ndani ya nyumba yangu? Na wewe Gasper, mbona umesimama mlangoni? Kaeni, nimechemsha viazi."

Gasper ni kijana wa kitongoji cha mama. Hapo nilijua mama amebonyeza ndani ya sweta na anawataja ili nisikie.

Nilitaka kupiga kelele. Halafu nikakumbuka ile simu ilivyo na sauti kubwa. Nikitamka neno lolote, litatokea kifuani kwa mama. Niliziba simu kwa kiganja. Nikainua mkono mwingine, mafundi wenzangu wakaacha kukanyaga cherehani. Nilichukua chaki ya kukatia nguo nikaandika kwenye kitambaa cha mteja: MPIGIE FERDINAND. WANAMUUA MAMA. Ferdinand ndiye mwenyekiti wa kitongoji, na namba yake nilimwonyesha Leah kwenye daftari la wateja. Leah alikwenda nyuma ya duka kupiga.

Efraimu alikuwa anaongea taratibu. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo. Alisema, "Mama mdogo, sema tu. Ulimfanya nini mwanangu? Ukisema nitaondoka." Mama akasema, "Nilimbeba, nikamwosha. Nikamfanya nini kingine?" Efraimu akasema, "Umetajwa." Mama akamwambia, "Aliyenitaja ananijua? Wewe ndiye unayenijua."

Niliikandamiza simu sikioni ili nisipoteze neno.

Wakati huo lori moja barabarani lilipiga honi, ile ndefu. Sikuwa nimeziba vizuri. Nikasikia Gasper anasema, "Nini hicho? Kuna gari ndani ya huyu bibi!" Nikasikia miguu inakimbia. Baadaye nilijua ni yeye aliyekuwa anatoroka. Halafu sweta likavutwa, mama akaguna, na pumzi ya mtu ikawa karibu na sikio langu. Efraimu akauliza, "Nani?"

Nilisema, "Kaka Efraimu, ni mimi Sekela. Nimekusikia tangu mwanzo. Tuko wengi hapa tumesikia. Ferdinand anakuja." Haikuwa kweli kwamba wengi walisikia, na kama Ferdinand anakuja sikuwa najua. Nikasema, "Kaka, muache mama yetu." Simu ikakatika. Nilipopiga tena haikupatikana.

Leah alirudi akasema Ferdinand amepokea, lakini yuko shamba la mbali. Nilikodi gari mpaka Isongole, nikapanda bodaboda kwenda Ibaba, na njia ilikuwa tope tupu. Njia nzima nilipiga ile namba na haikupatikana. Sikumpigia mtu mwingine yeyote. Niliogopa kuambiwa.

Nilifika giza linaingia. Uani walikuwepo watu wengi, na hakuna aliyenitazama usoni, nikajua mama amekufa. Nilikaa chini pale pale. Ferdinand ndiye aliyeninyanyua akasema, "Yuko hai. Ingia ndani."

Mama alikuwa ameegemea ukuta, mkono wa kushoto umefungwa kanga iliyolowa damu. Aliyemshika alikuwa Erica, mke wa Efraimu, mama wa yule mtoto aliyefariki. Erica naye nilimkuta na jeraha begani. Yanayofuata aliniambia Erica mwenyewe, sikuyaona. Alisema alikuwa kwake anapepeta mahindi, akasikia mama analia, akakimbia. Alimkuta Efraimu ameshamkata mama mkononi na anainua panga tena. Akamwangukia mama juu, akamkumbatia, akasema, "Nikate mimi kwanza. Mtoto alikuwa wangu pia." Panga lilimpata begani. Efraimu alimtazama mke wake, akadondosha panga, akakimbia kuelekea msituni. Panga hilo Ferdinand amelikabidhi kwenu. Gasper alikamatwa na wanakijiji jioni ile ile. Efraimu hajaonekana mpaka sasa.

Usiku huo huo tuliwaleta wote wawili hospitali ya wilaya. Mama ameshonwa, na daktari amesema vidole viwili havitafanya kazi tena. Asubuhi ya leo, nilipomwambia nakuja kituoni, alinivuta kwa ule mkono mzima akasema, "Sekela, ukifika kwa askari sema hukusikia vizuri. Sema simu ilikuwa inakoroma. Yule nilimbeba mgongoni." Nimekuja kusema kwamba simu haikukoroma. Sauti ile ni ya Efraimu Kibona, ninaijua tangu tukiwa watoto, na nikiisikia popote nitaitambua.

Ninaongeza kwamba ninaogopa. Jana jioni nikiwa wodini simu yangu iliita kwa namba nisiyoijua. Mtu hakusema kitu. Nilisikia mvua inapiga bati, na huku Itumba mvua haikuwepo. Namba hiyo nimempa askari. Erica analala sakafuni chini ya kitanda cha mama, na hataki kutoka hata kwenda bombani. Baadhi ya ndugu wa upande wa Efraimu wamesema hadharani kwamba Erica na mama walishirikiana kumla mtoto. Naomba Erica alindwe kama mnavyomlinda mama, kwa sababu yeye hana kwa kukimbilia.

Hayo niliyoyasikia kwa sikio langu na kuyaona kwa macho yangu ndiyo niliyoyasema, na yale niliyoambiwa nimeeleza aliyeniambia. Nimesomewa, ni sahihi, na sijalazimishwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: S. A. Kibona

Maelezo ya mwandishi: Nimeyaandika maelezo haya mimi, WP Koplo Imelda, na kumsomea shahidi, naye amekubali kuwa ni yake. Kabla ya kutia sahihi alisimama mara mbili kuchungulia dirishani. Alinionyesha wanaume wawili waliokaa kwenye benchi la mapokezi, akasema ni ndugu wa mtuhumiwa na kwamba hawakuwepo alipoingia. Nilipotoka kuwauliza shida yao walisema wamekuja kumsalimia dada yao. Shahidi alikataa kusalimiwa. Nimemtoa kwa mlango wa nyuma na kumsindikiza mwenyewe mpaka wodini, na nimeomba askari mmoja abaki mlangoni mpaka Efraimu Kibona apatikane.