Aliyekuita Mama Falone

Masisi, Jumamosi

Dada Kahambu,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kibua, na goti la Papa limetulia. Sisi tuko vizuri, ila mvua haituachi. Karatasi hii nimempa Jérémie wa pikipiki akuletee mkononi; sababu utaiona.

Nimesoma ujumbe wa benki ulionitumia kwa barua pepe. Wanasema akaunti yako itafungwa baada ya siku mbili usipobonyeza pale na kuandika namba yako ya siri. Uliniambia uko tayari kuwajibu, eti hawawezi kuwa wezi, kwa sababu wanakuita hata Mama Falone. Nashukuru uliniuliza kwanza. Pesa za miaka miwili ya kuuza mafuta ya mawese ziko ndani ya akaunti ile.

Nilimwonyesha Colette, aliyekuwa akihudumia dirishani kabla benki yetu ya Goma haijafunga milango kwa sababu ya vita. Alicheka. Alisema nembo ya benki hata mutoto anainakili. Akaniambia nitazame anwani iliyo nyuma ya jina la mtumaji. Haikuwa ya benki. Tena benki haimwombi muntu namba yake ya siri, na haraka ya siku mbili njo alama ya mwizi: benki yenyewe ilikuwa inatuacha kwenye foleni asubuhi nzima bila wasiwasi.

Lakini jambo moja lilinikera. Benki inakujua kwa jina la kitambulisho, Kahambu Joséphine-Marie. Mama Falone wamelitoa wapi? Colette hakujua. Nilipekua anwani nilizohifadhi kwenye barua pepe yangu. Humo sikukuandika Kahambu. Nilikuandika Mama Falone.

Sasa nikuambie nililolificha. Wiki tatu zilizopita nilipata ujumbe kama huo, ukisema benki ya Goma inafunguliwa tena. Nilitaka kuwa wa kwanza kuitangaza habari hiyo katika kipindi changu cha redio. Nikabonyeza, wakaniomba neno la siri la barua pepe yangu, nikaliandika. Hakuna kilichotokea, nami nikanyamaza kwa aibu. Mimi ninayewaambia watu kila Jumanne wathibitishe habari kwanza. Wezi wamekufikia kwa kupitia mlango wangu.

Usiwajibu. Neno la siri nimelibadilisha, lakini majina wamekwisha kuyachukua. Ujumbe wowote utakaokuja kwa jina langu, hata ukiulizia goti la Papa, usiuamini mpaka uone mwandiko huu.

Nisalimie Papa na Falone. Jibu lako mpe Jérémie. Majina yaliyokuwa kwenye barua pepe yangu ni mia moja na kumi na mawili. Nimeanza kuwaandikia wote kwa mkono, na wewe ni wa kwanza.

Mdogo wako,
Katembo