Joto la Wodi ya Wazazi

3 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Wanangu hawajambo? Mama yao je? Na wewe, hilo tumbo la kukaa kwenye kiyoyozi linaendeleaje? Sisi wazima, ila wazima wa kuchemshwa.

Nakuandikia nikiwa zamu, wodi ya wazazi. Vitanda ishirini, wajawazito thelathini na wanane, feni moja inazunguka na mbili zinatazama. Jana mchana kipimajoto cha ukutani kilifika arobaini na moja. Mwezi uliopita nilipokea watoto kumi na mmoja waliokuja kabla ya siku zao, wanne hawakulia. Nimekuwa mkunga miaka ishirini na sita, najua hii si bahati mbaya. Joto likipanda, wanakuja.

Basi sisi wauguzi, wakunga na madaktari tumemwandikia Waziri wako. Tunaomba ule mtambo wa pili wa umeme wa makaa ya mawe usijengwe, maana moshi wa mitambo ya namna hiyo ndio unaozidi kuipasha dunia. Sahihi ni mia mbili na kumi na mbili. Wewe ndiye katibu wake, unakaa mlangoni pake: mpe barua yetu mkononi, usiiache kwenye trei.

Dada yako

20 Februari

Dada,

Shikamoo. Huku hatujambo, tumbo linakusalimia.

Nimempa mkononi. Kasoma kurasa mbili akiwa wima, akauliza, “Hawa hawana kazi huko wodini, hadi wanapata muda wa kuandika?” Nikasema, “Mheshimiwa, mmoja wao ni dada yangu, na hana muda hata wa kula.” Akacheka! Anawataka watano tarehe kumi Machi. Mje na takwimu, na yule daktari mnayemwita Mzee wa Mapafu aache ukali wake nyumbani. Dada, naona mlango umefunguka.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Natumaini hamjambo.

Ulituona tukiingia. Mzee wa Mapafu alitulia kama maji mtungini. Nilisoma takwimu zangu zote, Waziri akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Kwani joto limeanza leo? Bibi zetu hawakuzaa?” Tukapewa soda, tukapigwa picha naye, tukatoka.

Leo asubuhi nimekuta gazeti kwenye ubao wa hospitali. Picha ni ile ile. Chini yake: “Wataalamu wa afya waunga mkono mtambo mpya, wasema giza ni ugonjwa mbaya kuliko yote.” Wenzangu wananitazama kama mtu aliyewauza.

Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika, mezani pa mama. Hukuwahi kumaliza insha bila “kuliko yote”. Niambie si wewe.

Dada yako

6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Watoto hawajambo.

Ni mimi. Mlipotoka tu aliniita. “Andika taarifa ya magazeti.” Nikamwambia, “Mheshimiwa, lakini hawakuunga mkono.” Akasema, “Soda yangu wamekunywa. Andika hiyo, au kaandike barua ya kuacha kazi.” Nilikaa nusu saa mbele ya kompyuta. Niliwafikiria wanangu, nikaandika. Nikajidanganya kwamba siku hizi hakuna anayesoma magazeti.

Nimekukosea, na wale kina mama nimewakosea. Nitukane ukitaka, ila unijibu.

Mdogo wako

2 Oktoba

Mdogo wangu,

Mimi sijambo. Natumaini nanyi ni wazima.

Nimenyamaza miezi sita kwa sababu kila nilichoandika kilitoka tusi. Sasa hasira zimeisha, umebaki uchovu.

Baada ya lile gazeti, sabini walifuta sahihi zao. Zikafuata barua za uhamisho. Mzee wa Mapafu kastaafishwa, anashinda sebuleni akibishana na redio. Mimi niko stoo, nagawa glovu. Kipimajoto cha wodini kimeng'olewa. Tumeambiwa kinawatia wagonjwa hofu.

Wiki iliyopita joto lilirudi, wakaniita nimsaidie mkunga mgeni. Mgonjwa alikuwa binti mdogo, mimba ya miezi saba, mwili unawaka, barafu hakuna. Tulimpepea kwa kadi yake ya kliniki. Mtoto hakulia. Akaniuliza, “Nesi, nimekosea wapi?” Nikamwambia hajakosea popote. Hakuniamini.

Nimemwandikia Waziri upya, nikayaeleza hayo yote. Nilipita na barua wodi zote. Kila mtu ana haraka. Sahihi ni moja, yangu. Nimeituma kwa posta kama mtu yeyote. Sikuombi kitu. Ikifika, isome tu.

Dada yako

21 Novemba

Ndugu Muuguzi,

Barua yako imepokelewa na inafanyiwa kazi. Ofisi inakushukuru kwa maoni yako.

Kwa niaba ya Waziri

Dada, shikamoo. Nimegeuza karatasi nikuandikie nyuma. Hayo ya mbele ndiyo niliyoagizwa kukujibu. Nilimsomea ile habari ya binti, neno kwa neno. Alisema, “Masikini,” kisha akauliza kama gari liko tayari.

Usisubiri jibu jingine. Jumatatu anaweka jiwe la msingi la mtambo. Hotuba nimeiandika mimi.

Mdogo wako