Usiendelee Kulala, Baba

Lizaboni, Songea

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye shikamoo. Naomba barua hii iwakute salama, ingawa najua mgongo wako haujatulia. Ndiyo maana nimeacha kazi za shule mezani nikuandikie kwanza. Mimi ni mzima, alhamdulillahi.

Baba, nilikosea. Baba mdogo aliponiandikia kwamba mgongo ulikukamata ghafla ukiinua gunia la korosho, nilikimbilia kitabu kikuukuu cha maktaba ya shule, nikakuandikia ulale chali juu ya ubao, usiinuke mpaka maumivu yaishe. Niliandika kwa uhakika kama daktari, wala sikumwuliza mtu. Naona haya kuuliza watu, unanijua.

Wiki iliyopita shangazi, ninayekaa kwake, aliinama kunyanyua ndoo ya maji akapiga ukelele. Nikamlaza vilevile. Siku ya nne akaniambia, "Wewe mtoto, sasa hata kugeuka siwezi. Umenilaza au umenikausha?" Mimi na jirani tukamshika mikono, tukaenda naye polepole zahanati.

Muuguzi akamchunguza, akauliza, "Nani kamlaza siku zote hizi?"

"Mimi. Nilisoma kitabuni."

"Kitabu cha zamani hicho. Hata sisi tulikuwa tunawalaza. Misuli ikilala sana inakakamaa. Mama, tembea."

Alisema maumivu ya ghafla namna hiyo mara nyingi ni msuli ulioshtuka, na kwa wengi hupungua baada ya wiki chache. Yakizidi, mtu apumzike kidogo, alale ubavu na mto katikati ya magoti, akandwe kwa kitambaa cha maji ya moto. Kisha atembee hatua chache, aongeze kila siku, asibebe mizigo mizito. Leo shangazi amechambua mboga mwenyewe, huku akinung'unika.

Lakini jana nilipata barua nyingine ya baba mdogo. Anasema ulitaka kwenda msikitini, akakuzuia, akakusomea tena maneno yangu mbele ya wageni waliokuja kukupa pole. Nililia, baba. Tena najua ukisimama sasa, wapo watakaosema ulikuwa unajifanya mgonjwa ili mama apalilie peke yake.

Baba mdogo, shikamoo. Nakuomba uisome na hii kwa sauti, wageni wale wale wakiwepo, wala usiruke pale niliposema nimekosea. Wanicheke mimi.

Kipande hiki msomee mama peke yake: baba akifa ganzi sehemu za siri, au mguu ukikosa nguvu, au mkojo ukigoma kutoka, au choo kikimtoka bila kujua, au akipata homa, msingoje. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Shangazi anawasalimu sana. Nisalimieni bibi na wadogo zangu wote wawili.

Baba, nisamehe. Barua ikiisha kusomwa, geuka kwanza ubavu, inuka taratibu, mshike mama bega, mtoke wote wawili mpaka uani. Watu wakuone.

Mwanao,
Zainabu