Sisimizi wa Alizeti

Baba Kabula,

Mwangaluka, habari za asubuhi huko Lamadi kwa dada yako? Hapa Bariadi ng'ombe mweupe amezaa jike.

Unakumbuka alizeti niliyochanganya na pamba, ukanicheka eti nimepanda maua ya harusi? Imeleta sisimizi wengi. Nimewafuata kwa macho asubuhi nzima: wanapanda kwenye vitumba vya pamba, wanashuka wakiburuta funza wachanga. Sijui wanawapeleka wapi! Upande ule ulioupulizia dawa, sisimizi hakuna, funza wapo.

Wifi anasema bado unakohoa, kama siku ile upepo ulipokurudishia dawa usoni. Basi lile bomba lako la dawa nimelitoboa kwa msumari. Ukitaka kukasirika, njoo ukasirikie hapa.

Mkeo,
Nyanjige